Mtoto Aliyeitika Zhongda

Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, umekuja kuniuliza kama uwakubalie kaka zako wauze shamba la bibi yako, na unataka nijibu haraka kwa sababu una kipindi chuoni. Kaa kwanza. Chai ipo.

Nilikuwa msichana kama wewe, ndio kwanza safari yangu ya pili kuja huku China, Guangzhou, kununua vitambaa. Nyumbani Mpanda, kaka yangu Yona alikuwa amepata mtu wa kununua shamba letu, anangoja neno langu tu. Na mimi nilishaamua kusema ndiyo. Nani alikuwa na hamu ya kurudi kule?

Shamba lile alilifungua Mama. Baba alimpeleka porini, akamkabidhi shoka na sufuria, akaenda zake kutafuta kibarua. Mama alikata miti peke yake, akachoma visiki, akalala juu ya dungu akifukuza nguruwe wasimalize mahindi. Tulipozaliwa sisi, kila jioni alisimama ukingoni mwa shamba akatuita kwa majina, mmoja mmoja, nasi tukaitika. Mwisho aliita, "Neema!" Kati yetu hakuna aliyeitwa Neema. Mama alingoja kidogo, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulidhani ni sala yake, hatukuuliza.

Basi siku hiyo nipo Zhongda, kwenye soko la vitambaa, saa saba mchana. Unawajua wenyeji, wakishakula wanalala. Taa zimezimwa, laoban mwenye duka kajilaza kwenye kiti cha kukunja, miguu imeziba njia nzima. Mimi natafuta namba ya Yona kwenye simu. Mara nikasikia, nyuma ya majora ya kitambaa, "Abee."

Sauti ya mtoto wa kike. Kiswahili cha kwetu kabisa.

Nilizunguka majora yote, hakuna mtu. Nikakumbuka tulivyokuwa tukimwitika Mama jioni. Badala ya Yona nikampigia Mama, kule ni saa mbili asubuhi. Alikuwa anahema.

"Mama, uko wapi?"

"Shambani, mwanangu. Yona kamleta mnunuzi na trekta, anataka kujaribu udongo. Nimekuja kumwita Neema asogee."

"Neema ni nani, Mama?"

Nikasikia trekta likinguruma. "Dada yenu mkubwa. Homa ilimchukua mwaka wetu wa kwanza hapa porini, baba yenu hayupo, jirani hakuna. Nikamchimbia kaburi mwenyewe, pale pale nilipokuwa nalima. Ndiyo maana kila jioni namwita aingie ndani na wenzake."

"Sasa kwa nini hukutuambia?"

"Mngetoka tena nje usiku kukojoa?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamwambia kuna mtoto ameitika huku dukani, sasa hivi. Mama wala hakushangaa. "Kumbe kakimbilia kwako," akasema. "Mwambie arudi, huko atapotea."

Nikaomba anipe Yona. Nikamwambia shamba haliuzwi, alizimishe trekta. Alinifokea weee, lakini likazimwa. Kisha nikainama kwenye majora nikanong'ona, "Neema, Mama anakuita. Rudi nyumbani." Naona haya kukusimulia, ila ndivyo ilivyokuwa. Laoban, macho bado kayafumba, akakunja miguu kama anampisha mtu. Baada ya kidogo akainyoosha tena.

Mwanangu, sikwambii usiuze. Ardhi inauzwa, watu wanasomesha watoto. Ila usikubali kitu kabla hujampigia bibi yako ukamwuliza amemlaza nani pale, na umwache aseme mpaka amalize. Mama zetu waliofungua mapori walizika peke yao, kesho yake wakashika jembe, kwa sababu sisi tulitaka kula. Hawasemi mpaka waulizwe, na anayejua ni yeye tu.

Achana na kipindi, piga sasa hivi, kwenu kumeshakucha. Mungu akukinge huku ugenini, akufungulie masomo yako, akujalie kumwahi bibi yako akiwa bado anaongea. Amina.