Kipengele cha Kocha Msaidizi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliusoma mkataba wa mume wangu kabla hajautia saini. Niliusoma wote, barazani kwetu Utende, kisiwani, kalamu mkononi, nikasahihisha hata koma za mwanasheria wa klabu. Kisha nikamwambia kwa sauti ya mwenye shahada mbili, "Tia saini, hauna neno."

Neno lilikuwepo: kocha mkuu akiondoka kwa sababu yoyote, mkataba wa msaidizi wake nao umekoma, bila fidia. Nilikiona kipengele hicho. Nilidhani ni maneno ya adabu tu, kama "wako mtiifu" mwishoni mwa barua.

Msimu wa pili timu ikaanza kufungwa. Mume wangu alikuwa bara. Mimi na mama mkwe tulibaki kisiwani na redio. Mshahara wa mume wangu ndio uliosomesha watoto. Makala zangu zilinunua chumvi. Basi nikampenda kocha mkuu, mtu nisiyewahi kumwona, kuliko nilivyowahi kumpenda mume wangu. Nikiamka namwombea afya, nikilala namwombea sare.

"Kwani mwanangu ndiye anayepanga timu?" mama mkwe aliuliza siku moja, akichambua mchele.

"Hapana, mama. Yeye anapanga koni za mazoezi."

"Sasa nahodha akishushwa, na mabaharia wanashushwa?"

"Nahodha mpya huja na mabaharia wake."

"Na hayo yaliandikwa?"

"Yaliandikwa."

"Na wewe msomi hukuyasoma?"

"Sikuonyeshwa, mama."

"Basi nimezaa mjinga," akasema. Nami nikanyamaza, mume wangu akaubeba ujinga wangu.

Jumapili moja walifungwa nyumbani kwao. Redio ikasema uongozi unakutana. Tuliiweka simu mkekani katikati yetu, wali ukapoa. Ilipolia, mama mkwe aliitazama kana kwamba ni nge, nikaipokea mimi.

"Wamemfukuza mwalimu," mume wangu akasema.

"Na wewe?"

"Mimi hawakunifukuza. Katibu amenipa mkono, amenishukuru sana. Anasema mkataba wangu umekwisha wenyewe."

"Huyo mpya hawezi kukuchukua?"

"Ameshafika na msaidizi wake. Nimemkabidhi funguo za stoo ya mipira. Kesho napanda boti Nyamisati, narudi nyumbani. Mwambie mama."