Kola, Plasta na Jirani wa Meza ya Kushoto

Jirani wa meza ya kushoto ndiye aliyeniumiza shingo. Tulikuwa tumenunua belo moja la viatu vya mtumba kwa kushirikiana pale sokoni Mchikichini. Lilipokatwa kamba, raba nyeupe zikamwagika, kila mmoja akazirukia. Nilimsukuma kwa kiwiko, kikampasua mdomo. Mimi ndiye niliyeanza, sikatai. Akanishika ushungi kwa nyuma, akauzungusha mkononi mara mbili, akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia chini ya sikio langu, kisha nikajikuta chali, natazama mabati.

Hospitali walisema mfupa mzima, kilichoumia ni misuli. Wakanifunga kola ngumu ya shingo, kidevu juu. Siku chache baadaye nikarudi mezani. Sikuweza kuinama kusoma namba ya kiatu. Nilikiinua hadi usawa wa macho. Mteja akiita kutoka ubavuni, niligeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Jirani sikumwona kabisa. Nilimsikia tu, umbali wa mkono, na kila alipogonganisha viatu kuvikung'uta vumbi, mwili wangu ulishtuka. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Wiki ya tatu, dada wa mazoezi ya viungo alinivua kola, akanibandika plasta mbili ndefu, kutoka kisogoni hadi begani.

"Hizi hazizuii shingo," alisema. "Zinavuta ngozi tu. Ukizidisha, utasikia."

"Kwa hiyo nigeuke?"

"Geuka, polepole. Kola ikikaa sana, shingo inakuwa mvivu."

Mchana huohuo mwanaume mmoja alikwapua viatu kwenye meza yangu na kukimbia. Alipita kushoto, nikamwona kwa pembe ya jicho tu. Jirani akamdaka shati, akamwangusha. Watu wakajaa, mateke yakaanza. Jirani alivua kiatu chake akawa anampiga nacho shingoni, kwa kisigino, palepale chini ya sikio. Mwanaume alilia kwa sauti nyembamba.

Niligeuka haraka. Plasta ikavuta ngozi hadi macho yakatoa machozi. Nikamshika jirani kifundo cha mkono.

"Acha, dada. Si hapo shingoni."

"Ni viatu vyako hivi," alisema, akihema.

"Najua. Acha."

Akanitazama, akaziba mdomo wake haraka kwa mkono wa pili, pale penye kovu. Ndipo nikagundua kwamba mkono wangu mwingine ulikuwa juu, umeshika kiatu, na mimi mwenyewe sijui nilitaka kumpiga nani. Nikakishusha.

Watu walipoacha kupiga, mwanaume alijikokota, akasimama kichwa kikiwa upande, akaondoka kuelekea mtaa wa Jangwani. Hakuna aliyemfuata.

Bado tunauza meza kwa meza. Tunasalimiana asubuhi. Belo kila mtu ananunua lake. Shingo yangu inageuka kulia vizuri. Kushoto inafika nusu, halafu lazima bega lisaidie.