Redio Iliyonyamaa Tangu Msiba wa Nanganga

“…na hiyo bisibisi irudishe ulikoitoa, Yassini! Dashibodi ya watu hiyo!”

Winfrida anafoka akiwa bado mbali, ndoo ya maji kichwani. Ametoka kwenye foleni ya kisima, na kwa Newala hii, foleni hiyo huiachi kabla ya zamu yako. Anakuta jirani yake, mchomelea mageti, ameshachungulia ndani ya Noah ya mteja.

“Mama Queen, nilitaka kukusaidia,” Yassini anacheka.

“Nisaidie kwa kukaa mbali.”

Mwenye gari ni Fakihi, mkulima wa korosho wa Mkunya. Kiti cha nyuma amekaa mama yake, Bi Rahima, ushungi umemfika mashavuni. Leo wanashuka Nanganga kwenye arobaini ya Adija, mdogo wake Bi Rahima.

“Shikamoo, mama,” Winfrida anainama dirishani.

Anarudia kwa sauti kubwa.

“Marahaba.”

Basi. La pili hakuna. Fakihi anamvuta Winfrida, fundi wa redio, pembeni.

“Ndiyo hivyo tangu tumzike mama mdogo. Marahaba, ehe, kwisha. Hata kuniuliza nimekula, haniulizi.” Anaonyesha simu. “Humu mna sauti ya marehemu, alinitumia kabla hajaugua. Anasimulia utoto wao. Mama masikio yake mazito, kwenye simu hasikii. Kwa spika za gari atasikia. Sasa bluetooth imeshika, inaonyesha inacheza, lakini sauti hakuna.”

“Na ukipigiwa simu?”

“Inasikika gari zima.”

“Basi spika nzima.”

Winfrida alisomea umeme wa magari Masasi, na kibanda hiki cha redio za magari anakwenda nacho mwaka wa nane. Korosho zikiuzwa, watu hununua redio mpya. Msimu ukipita, kuna wiki anaona gari moja tu, na siku hizo hukaanga maandazi.

“Mimi mgonjwa namhoji kwanza,” anasema. “Nyaya nazifungua mwisho.”

Anamgeukia Fakihi. “Mara ya mwisho iliimba wapi?”

Fakihi anafikiri. “Siku ile ya mazishi. Tunaingia Nanganga, muziki unalia. Nikaona turubai la msiba. Utaingiaje kwa wafiwa na muziki? Nikaminya sauti chini yote.”

“Uliminya wapi? Kwenye redio?”

“Kwenye simu. Ilikuwa mkononi.”

“Na baada ya hapo?”

“Nitapigaje muziki na mama yuko matangani? Mpaka jana usiku nilipojaribu hii sauti. Nikazungusha redio mpaka mwisho.”

Winfrida anatabasamu. Anaeleza kwamba simu ina sauti ya maongezi na sauti ya muziki, kila moja mbalimbali. Tena inakumbuka ulipoiacha kwenye gari. Ikitoka garini inaimba, ikirudi garini inanyamaza.

“Uliweka adabu msibani, ukasahau kuiondoa. Rudisha redio chini kwanza, utatupasua masikio.”

Anaminya kitufe cha simu, taratibu, mpaka juu. Yassini anaguna. “Fundi gani hagusi hata skrubu?”

Kabla hajajibiwa, gari linajaa sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye kicheko ndani yake.

“Fakihi mwanangu, mama yako usimwone vile! Siku tunapandisha maji kutoka bondeni, akavunja mtungi. Akaniambia, Adija, tukifika tuseme tumekimbizwa na nyani…”

Kiti cha nyuma kinalia. Bi Rahima amesogea mbele, kidole juu.

“Mwongo huyo,” anasema. “Mtungi alivunja yeye.”

Fakihi, aliyeingia kupunguza redio, ameng'ang'ania usukani. Hageuki.

Winfrida anafuta macho kwa kiwiko, halafu anajisingizia vumbi. Akipata nafasi, anasema, ataongeza bati upande mmoja wa kibanda na kuweka benchi, akina mama wasimngojee juani. Lakini sasa hivi anataka kujua jambo moja tu. Anainama dirishani, anapaza sauti.

“Na nyani je, mama?”

“Nyani alikuwepo kweli.” Bi Rahima anajifunga ushungi vizuri. “Fakihi, washa gari, dua inatungoja. Wewe Mama Queen, kesho tukirudi tutapita hapa. Nitafutie hata kigoda, nikae nikwambie yaliyobaki.”