Debe la Kukalia Mbele ya Taa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana wala waya. Nilikalishwa juu ya debe. Lilikuwa debe kuukuu la mafuta ya kupikia, limepinduliwa mwisho wa ua wa karakana moja mjini Nakuru, nikaambiwa niketi hapo nitazame mbele. Mwenye karakana, Kalasinga wa makamo tuliyemwita Sardaji, akawasha taa ya pikipiki aliyokuwa ametoka kuitengeneza.

"Iko naona nini?" akaniuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Naona taa."

"Na mimi? Iko naona mimi?"

Nilimwona, kilemba chake na mkono wake juu ya usukani. Akaridhika, akazima. Baadaye alinieleza kwamba mteja hutaka mwanga anaouona akiwa amekalia pikipiki, lakini yule anayekuja upande wa pili hajaulizwa na mtu, na ndiye atakayeingia mtaroni. Kwa hiyo pale kwake hakuna taa iliyotoka getini kabla ya fundi aliyeifunga kwenda kukalia debe na kuitazama. Macho yakikuuma, unarudi kuishusha. Ukimwona mtu aliye nyuma ya taa, kazi imekwisha.

Nilikaa kwa Sardaji miaka mingi kuliko nilivyodhani nitaweza, maana yeye alikuwa mkali na mimi sikuwa mpole. Kwake nilijifunza kwamba pikipiki ndogo haiwashi taa yake kama gari. Gari huchukua umeme kwenye betri. Pikipiki nyingi ndogo za wakati huo zilichukua umeme wa taa moja kwa moja kwenye koili iliyo ubavuni mwa injini, ndiyo maana ukipunguza mafuta taa inasinzia, na ukivuta inaamka. Nilijifunza pia habari za rifleta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu. Hutengenezwa kwa ajili ya balbu ya aina moja, na ukiliwekea ya aina nyingine linamwaga mwanga ovyo kila upande.

Kutoka hapo niliajiriwa kwenye shamba moja la maua upande wa Naivasha, fundi wa umeme wa magari, chini ya Meneja wa Usafiri. Huyu alikuwa mtu wa haraka. Siku aliyonikuta nimeketi juu ya debe mbele ya trekta alinitazama, kisha akasema, "Mzee, kama umechoka si uende nyumbani?" Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango. Lakini hakunikataza, na kabla sijaacha kazi nilimwona siku moja, tai shingoni, ameketi palepale akikagua taa za basi la wafanyakazi. Nilijifanya sijamwona.

Nilifungua kibanda changu cha ufundi Free Area, mtaa wa Nakuru, mwaka 2007, na taa za zenoni ndizo zilikuwa zinaingia kwa fujo. Balbu ya kawaida, yaani halojeni, ina waya mwembamba ndani unaopata moto mpaka ukawa mweupe. Zenoni haina huo waya. Ina gesi, na umeme huruka ndani ya hiyo gesi kama cheche isiyokatika. Kuurusha kunataka kijisanduku kiitwacho balasti, ambacho huchukua umeme mdogo wa betri na kuupandisha mpaka ukawa wa kutisha; usikishike kikiwa kazini. Waendesha pikipiki waliipenda ajabu. Walitaka hasa ile ya rangi ya samawati, ambayo ni nzuri kwa kupigia picha na haifai kitu kwenye vumbi. Nilibishana nao kutwa, na mara nyingi walinishinda.

Halafu ukaja uchaguzi na machafuko yaliyoufuata. Sitayasimulia hapa, aliyekuwepo anayajua, na asiyekuwepo ana wazazi wa kuwauliza. Nasema tu kwamba mwaka 2008, watu waliokuwa wametawanyika walipoanza kurudi, alinijia Odhiambo kutoka Kamere, kule kando ya Ziwa Naivasha. Nilimjua tangu shambani. Yeye ni Mjaluo, mimi Mkikuyu kutoka Bahati, na mwaka ule majina yetu yalikuwa yamepangwa pande mbili, ingawa sisi wenyewe hatukuwahi kugombana. Nilifurahi kumwona, nikamshika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa na mkewe, Akinyi, aliyefanya kazi ya kupakia maua, mkono wake mmoja umefungwa bendeji.

Kisa chao kilikuwa hiki. Kila jioni Odhiambo alikuwa akimchukua mkewe kazini kwa pikipiki. Jua likizama, viboko hutoka ziwani kwenda kula nyasi, na hukatiza barabara bila kumngoja mtu. Jioni moja taa hafifu ya Odhiambo ilimwonyesha kiboko akiwa ameshafika mbele ya gurudumu. Walianguka, kiboko akapita zake. Tangu siku hiyo Akinyi alikataa kupanda, hata kwangu alikuja kwa matatu. Akawa anatembea na wanawake wenzake kandokando ya barabara ileile, yenye viboko walewale, na mumewe akifuata nyuma polepole na pikipiki, akibembeleza.

"Fundi, nataka zenoni," Odhiambo aliniambia. "Ile kali kabisa. Nimuone kiboko akiwa bado kwa maji. Huyu mama siku moja atakanyagwa huko chini, na mimi niko na pikipiki."

"Na ukifunga hiyo taa atapanda?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe, si ako hapa."

Akinyi akasema, "Nitaiona kwanza."

Kazi ilikula siku nzima. Ilibidi niibadilishe ile njia ya umeme wa koili ili wote upite kwenye rektifaya, kifaa kinachougeuza uweze kuingia betrini. Nikaweka betri kubwa zaidi, nikafunga balasti chini ya tangi pasipofikiwa na mvua. Giza lilipoanza kuingia tukawasha. Zenoni huanza kwa kusitasita, halafu inakolea. Ilipokolea, ukuta wa jirani ulikuwa mweupe mpaka kwenye paa, na Odhiambo alipiga makofi kwa furaha.

Nikamwonyesha debe langu, lililopinduliwa kando ya barabara kama lile la Sardaji.

"Mimi nitakuwa nyuma ya taa, fundi, sio mbele," akasema. "Nikae hapo nikifanya nini?"

"Na mbele atakuwa nani?"

"Si viboko!"

Akinyi alikwenda akaketi juu ya debe. Mumewe alipomgeuzia pikipiki, aliinua mkono ule mzima kuukinga uso. Kisha akasimama, akajaribu kutembea pembeni mwa mwanga kama anavyotembea barabarani, akakanyaga ndani ya mtaro. Tulimkimbilia wote wawili. Hakuwa ameumia.

"Mbele ni sisi," akamwambia mumewe. "Mimi na wale wamama tunatoka nao kazi. Sioni barabara, sioni kiboko, na wewe sikuoni."

"Lakini ni mimi, Akinyi."

"Nitajuaje ni wewe? Mwaka huu, wakati wa fujo, nimeshakimbia taa moja, na mtoto mgongoni. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Hii yako pia nitaikimbia."

Odhiambo alizima pikipiki. Niliinama nikajifanya natafuta bisibisi chini ya meza. Nilikuwa nimekalia debe maisha yangu yote nikidhani nakagua taa, na sikuwahi kufikiri kuna mtu angelikalia akiwa anaogopa aliye nyuma ya mwanga.

Walilala kwa shangazi yake Akinyi, palepale Free Area. Asubuhi nilikwenda kwa wauza vipuri vilivyotumika nikatafuta taa ya gari lililogongwa, yenye lenzi ya duara kama jicho la samaki. Nyuma ya lenzi hiyo kuna kibati kinachoukata mwanga wa juu, ukabaki ule wa chini tu, umenyooka kama ukingo wa meza. Hapo ndipo zenoni inapofaa kukaa. Kuiingiza kwenye taa ya pikipiki kulinitoa jasho, na Odhiambo alinisimamia akinung'unika.

"Sasa si itaonyesha chini tu? Nitamuona kiboko aje?"

"Kwani kiboko ni twiga? Tumbo lake liko hapo karibu na ardhi. Mwanga wa chini ndio utamshika, tena mapema."

Akinyi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akicheka tangu waje.

Jioni alirudi kwenye debe bila kuambiwa. Odhiambo akawasha, tukangoja ikolee. Barabara iling'aa mpaka mbali, kila jiwe na kivuli chake, lakini mwanga ulimkomea Akinyi kifuani. Alitazama juu ya ukingo wa mwanga, akamtafuta mumewe. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha grisi, na naikumbuka hofu yangu, kwa kuwa kama angekataa sikuwa na ujanja mwingine.

"Nakuona," akasema. "Umekunja uso."

"Ni vile naogopa utakataa."

"Basi kunjua twende."

Kabla hajapanda alirudi akalichukua lile debe. "Fundi, hili utanipa," akasema. "Kamere kuna pikipiki mob, hazihesabiki." Nilimpa, wakalala tena kwa shangazi, na asubuhi wakaondoka, yeye nyuma ya mumewe, debe limebanwa katikati yao.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ni taa gani nzuri, na mimi hujibu kwa urefu mpaka wanajuta kuuliza. Macho yangu yenyewe yameingia ukungu, na daktari ananiahidi kuyapasua. Juzi nilikwenda Kamere kusalimia. Odhiambo ameacha kuendesha, anauza samaki. Akinyi bado yuko na maua. Alinipeleka stejini, kituo cha pikipiki karibu na geti la shamba, na pale nikalikuta debe, limeota kutu, limepakwa rangi nyeupe. Wanawake wa kupakia maua walikubaliana zamani kwamba mwenye pikipiki ambaye taa yake haijapita kwenye debe habebi mtu.

Wakanikalisha kwa heshima. Dereva mmoja aliyeanza kazi juzi tu akawasha taa yake.

"Mzee, unamuona?" akauliza Akinyi.

Nilikaza macho. Nilichoona kilikuwa weupe mtupu, kama maziwa. Nikawaambia ukweli, kwamba simwoni, ila kasoro si ya taa. Niliona uchungu, siwezi kuficha. Akinyi alinishika mkono akaniinua, akamwita mama mmoja aliyekuwa akingoja na mfuko wake, naye akaketi mahali pangu.

"Namuona," yule mama akasema. "Ni kijana wa Nyambura. Mama yako hajambo?"

Jua lilikuwa linazama. Nilipanda nyuma ya huyo dereva anipeleke kwenye lami, na njia nzima sikuona mtu wala kiboko. Nilisikia tu sauti za wanawake wakitoka kazini pembeni mwa barabara, na kila tuliyempita alimwita dereva wangu kwa jina.