Gazeti Alilosoma Baba Mdogo

Baba alikufa mwaka wa pili baada ya Uhuru, wakati wa kupalilia wimbi. Alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini Kisii, akipeleka ndizi Nakuru. Siku hiyo alikuwa amewapa nafasi juu ya mzigo wanawake wawili waliokuwa na ndizi zao za kuuza. Lori lilipinduka mteremkoni, wakafa wote watatu. Mmoja wa wanawake hao alikuwa jirani yetu, mke wa mtu ambaye shamba lake lilipakana na letu, upande wa Kenyenya.

Tulikuwa hatujazika bado wakati baba mdogo, ndugu yake baba, aliporudi kutoka mjini na gazeti la Kiingereza. Katika boma letu ni yeye tu aliyekuwa amesoma. Alisimama uani mbele ya waombolezaji, akasoma kimya kwanza, midomo ikicheza, halafu akatufasiria kwa Ekegusii: polisi wanasema dereva alikuwa amelewa.

Mama alisema, "Mume wangu hakunywa pombe."

"Si mimi ninayesema, shemeji. Ni gazeti."

Sisi ni watu wa Sabato. Pombe kwetu si jambo la mzaha. Wazee wa kanisa letu la kijijini walijitenga kando ya migomba wakazungumza, kisha mmoja akaja kumwambia mama kwamba hawataongoza mazishi. Baba akazikwa na watu wa ukoo tu, bila wimbo. Jirani yetu alimzika mkewe kesho yake, na tangu hapo hakumwamkia mama tena. Walikutana mtoni, walikutana sokoni, anageuza uso. Gazeti lenyewe lilipita mikononi mwa watu wasiojua kusoma, likaishia kuwashia moto.

Nilikua nikisikia maombi ya mama kila jioni. Aliomba mvua, aliomba afya zetu, na mwisho aliomba Mungu amsamehe baba ulevi wake. Baada ya miaka mingi hata sisi watoto tulikuwa tumemzoea baba kama mlevi. Dada yangu mdogo, ambaye hamkumbuki, aliwahi kusema anakumbuka harufu.

Nilibahatika kusoma mpaka sekondari, nikajifunza kupiga chapa, nikaajiriwa katika ofisi moja mjini Kisii. Siku moja bosi alinituma maktaba ya mjini nikatafute tangazo la shamba lililokuwa limetoka gazetini miezi mingi nyuma. Nikadhani amechanganyikiwa. Gazeti la miezi mingi nyuma litakuwa limefungia nyama. Lakini mwenye maktaba alinipeleka chumba cha nyuma, akanionyesha magazeti yaliyofungwa pamoja kama vitabu vikubwa, mwaka juu ya mwaka, yamefika mpaka dirishani. Nilisimama pale nikasahau tangazo. Nilikuwa sijui kwamba kuna mahali magazeti hayatupwi.

Siku za kazi maktaba ilifungwa saa tuliyofunga sisi. Nafasi yangu ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya Sabato. Nilivaa nguo za kanisa, nikapita njia ya kanisa, nikaendelea mpaka barabarani kungoja gari la Kisii.

"Unatafuta nini hasa?" mwenye maktaba aliniuliza.

"Habari ya kifo cha baba yangu."

"Tarehe?"

"Ilikuwa wakati wa kupalilia wimbi."

Alinitazama. "Kila mtu amefiwa, dada. Siwezi kukutafutia. Kaa hapo ufunue mwenyewe, na usikunje kurasa."

Nikafunua. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai na zilinuka panya. Niliposoma ukurasa mmoja vidole vilikuwa vyeusi. Nilisoma habari za mawaziri, za bei ya pareto, za wezi wa ng'ombe, nikitafuta neno lori. Kurasa nyingine zilikuwa zimekatwa kwa wembe, kuna mtu alikuwa akijikusanyia habari za mpira, na kila nilipofika kwenye tundu moyo ulinishuka, nikidhani baba yangu alikuwa nyuma ya mchezaji fulani. Sabato zikapita. Kanisani wakaanza kuuliza niko wapi. Aliyeuliza zaidi ni baba mdogo, ambaye sasa alikuwa shemasi na ndiye aliyesoma Maandiko mbele ya watu.

Nilimpata baba katika ukurasa wa ndani, chini kabisa, karibu na tangazo la sabuni. Habari ilikuwa fupi. Lori la ndizi kutoka Kisii limepinduka, breki zilikatika, dereva na abiria wawili wamefariki. Basi. Chini yake, bila hata mstari wa kutenganisha, kulikuwa na habari ya lori jingine, huko mbali upande wa pwani, ambalo dereva wake alikuwa amelewa.

Nilisoma mara ya pili, kisha ya tatu. Baba mdogo hakutunga. Alianza na lori moja akamalizia na jingine. Kiingereza chake kilikuwa kimefika hapo.

Nilinakili maneno yote kwenye karatasi, nikampelekea nyumbani kwake. Alikuwa anakula. Nikamsomea, nikamfasiria polepole, kwa heshima, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujitoa. Alinawa mikono, akaishika ile karatasi.

"Huu ni mwandiko wako," alisema.

"Nimenakili, baba. Gazeti haliruhusiwi kutoka nje."

"Mimi nililosoma lilikuwa limepigwa chapa."

"Basi twende Kisii ujionee."

"Unataka kusema sijui Kiingereza?"

Akanirudishia karatasi na kuniuliza kama ni kweli Sabato zangu nazimalizia mjini. Juma lililofuata kanisa lilinisimamisha ushirika kwa kuivunja Sabato. Yeye ndiye aliyenisomea uamuzi, kwa sauti nzuri.

Mama nilimwambia tukiwa shambani. Nilitegemea atafurahi. Aliketi kwenye tuta.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikimwombea msamaha kwa kitu ambacho hakufanya. Huko aliko alikuwa ananisikia?"

Baadaye alitaka kuliona gazeti kwa macho yake, ingawa hakujua herufi hata moja. Nikampeleka. Mwenye maktaba alimpa kiti. Nilimwonyesha mahali, naye akaweka kidole pale, mkono wenye udongo kwenye kucha.

"Jina lake liko wapi?"

"Hawakuandika jina, mama."

"Hata jina?"

"Wameandika dereva."

Alikaa na kidole hapohapo muda mrefu. Kisha akasema twende, tusikose gari.

Tulipofika kwetu hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, yule aliyefiwa na mkewe, nami nikamfuata. Mzee alikuwa akichuma chai. Mama alisimama mpakani, akamwambia yote, bila kulia: breki zilikatika, mume wangu hakuwa amelewa, gazeti limeandika hivyo, mtoto wangu amelisoma.

Mzee aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, halafu akatua kikapu.

"Breki," alisema.

"Breki."

"Binamu yangu, yule aliyekuwa fundi wa malori Suneka, aliniambia hivyo wiki ileile," alisema. "Kwamba dereva alikuwa amelalamika, tajiri akamwambia lipeleke hivyohivyo, likirudi litatengenezwa. Lakini ulevi ulikuwa umeandikwa gazetini. Nikaamini kilichoandikwa."

Mama aliuliza kwa nini hakumwambia.

"Nilihitaji mtu wa kumchukia, mama watoto. Tajiri yuko mbali. Wewe ulikuwa hapa, nakuona kila siku."

Alikiinua kikapu, akageukia mstari mwingine. Tukarudi nyumbani tukisikia chai ikikatika mikononi mwake. Tajiri alikuwa bado hai, mjini palepale, na malori mengi kuliko zamani. Jumatatu nilipokwenda kazini moja lilinipita karibu na Masimba, limejaa ndizi, na wanawake wamekaa juu.