Siku Nilipopewa Upemba

Juzi mteja alinipigia kelele dukani kwangu hapa bara, "We Mpemba, nipe sabuni!" Nikacheka peke yangu, maana utotoni neno hilo nililitamani mpaka machozi.

Baba alitoka Unyamwezini kwenda kuchuma karafuu Mtambile, kisiwani Pemba. Akaoa, nikazaliwa huko huko. Alasiri moja tulikaa mkekani kwa Bi Mize, mwenye karafuu, watoto wa jirani na mimi, tukizitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika. Vidole vilinata, harufu ilipanda puani.

"Weye Mnyamwezi, utaweza?" wenzangu wakanicheka.

Niliona haya. Nilidhani Upemba hupewa mtu kwa kazi, kama cheo, basi nikainama nikachambua.

Pishi yangu ilijaa kabla ya zao. Bi Mize akatia mkono ndani, hakukuta hata konyo moja.

"Nyie mnaopiga domo, mtazameni Mpemba huyu!"

Nilikimbia nyumbani. "Baba, mie sasa Mpemba!"

Baba akacheka. "Na jana ulikuwa nani, mwanangu?"

Sikumsikiliza. Nilitoka tena, nikapita katikati ya njia, nikimwamkia kila mtu kwa sauti, mie niliyezoea kujificha nyuma ya kanga ya mama.