Tanuri la Egidius na Mbuzi wa Wageni

Mwanangu Egidius anachoma matofali hapa Muyinga, Burundi, kazi aliyoirithi kwa baba yake tulipokuwa Tanzania. Baba yake alichomea kuni, akakohoa mpaka kaburini. Egidius amejenga tanuri linalokula maganda ya kahawa, na moshi wake huonekana kwa shida. Likifaulu kupimwa, serikali itampa fedha za kujenga jingine kubwa, na mimi nitaacha kukaa macho nikisikiliza kifua chake.

Fedha za utafiti zilitoka Gitega, makao makuu ya serikali. Ziliitwa za hatua ya mwanzo, na kweli tuliona mianzo mingi: semina ya kuanza, fulana za kuanza, bango la kuanza lililo pana kuliko tanuri lenyewe. Egidius aliitwa Gitega mara kwa mara kufundishwa moshi ni nini. Fedha zilizobaki alijengea bomba la moshi.

Siku ya kupima akaja mtaalamu Dominiko na wenzake, na kimashine cha kupimia moshi. Kwetu mgeni wa serikali hapimi kitu bila mshikaki na kinywaji, kwa hiyo Hussein mchoma nyama alikuwa ameshaweka jiko lake kivulini. Kimashine nacho kikawekwa kivulini, kisiungue jua.

Tanuri lilikuwa linawaka tangu alfajiri. Mafuta ya mbuzi yakaanza kudondokea makaa, upepo ukausukumia moshi kwenye kimashine, nacho kikapiga kelele.

"Bon, haya," Dominiko akasema. "Kijana, tanuri yako iko mubaya sana. Mi sijaona moshi hivi hata kwa kiwanda."

Mbele ya watu wa ofisi mwanangu hugeuka gogo. Nikashindwa kuvumilia.

"Mtaalamu, huo ni moshi wa mbuzi wenu."

"Mama, mashine haijue mbuzi."

"Basi tuzime jiko, upime tena."

Wakanitazama kama mtu aliyetaka kusimamisha misa.

"Tuzime?" Hussein akaruka. "Mama Egidius, nyama iko nusu!"

"Tule kwanza," Dominiko akasema kwa upole. "Halafu tutaandika kwamba utafiti zaidi unahitajika. Tutafanya Gitega, kule iko hoteli nzuri. We mama unalalamika nini?"

Egidius akaondoka. Nilidhani anakwenda kujificha nyuma ya nyumba. Akarudi na ndoo ya maji ya kukandia udongo, akaimwaga yote kwenye jiko la Hussein. Mvuke ukapanda, mishikaki ikalala kwenye tope la majivu, na ofisa mmoja akashika kichwa kama aliyefiwa.

Tukasubiri. Kelele ya kimashine ikapungua, ikapungua, ikakatika. Nyuma yetu tanuri lilikuwa linanguruma, limejaa moto, na juu ya bomba mbingu safi, bila moshi.

"Andika, mzee," Egidius akasema. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka.

Dominiko akaandika. Tanuri limefaulu, mapokezi hayakuridhisha.

"Na fedha za tanuri kubwa?" nikauliza.

"Zitakuja, mama. Lakini kwanza huyu kijana atafuata semina ya mapokezi."

Ameondoka jana kwenda Gitega. Nimemfungia viazi vya njiani bila nyama, maana Hussein bado hataki kutuuzia.